Felisita Ngeleja, Mama Aliyeogopa Kumwacha Joakim

Tunamzika leo, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, hapa nyumbani kwake Somanda, Bariadi, mama yetu, dada yetu na muuguzi ambaye wengi mlioketi chini ya maturubai haya aliwahi kuwachoma sindano. Jina lake kamili ni Felisita Ngeleja Mwandu. Mtaani hapa hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Joakim, na wasifu huu hauwezi kumtaja yeye bila kumtaja huyo mtoto kila baada ya mistari michache, maana ndivyo alivyoishi.

Felisita alizaliwa tarehe 8 Septemba 1978 katika kijiji cha Sapiwi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ngeleja Mwandu, aliyetangulia mbele za haki mwaka 2010, na Bibi Elina, ambaye yuko nasi hapa mbele. Bibi anasimulia kwamba uchungu ulimshika akiwa anashindilia pamba kwenye magunia, na kwamba mtoto alitoka na nyuzi za pamba kichwani. Wajukuu wakimbishia huwauliza, "Kwani mlikuwepo?" Basi na sisi tunaliandika hapa kama alivyolisema. Alibatizwa mwaka huohuo katika kigango cha Sapiwi.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari ya wasichana huko Shinyanga, wakati Bariadi yenyewe ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga na Simiyu ikiwa jina la mto tu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1996. Alijiunga na chuo cha uuguzi mkoani Mwanza, akahitimu mwaka 2000, na mwaka uliofuata akaanza kazi Bariadi, wodi ya watoto. Walioanza naye kazi wanasema alikuwa na mikono ya taratibu. Mtoto aliyekuwa akilia kwa kila mtu, kwake alilia kidogo.

Alifunga ndoa na Fredrick Shigela wa Mwanhuzi, daktari wa mifugo, tarehe 19 Julai 2003. Siku ng'ombe wa mahari walipoletwa, Felisita aliitwa awasalimie wakwe. Akatoka, akapiga magoti, macho chini kama tulivyofundishwa wote, akamsalimia mzee aliyekaa kwenye kiti cha kwanza kwa heshima zote: "Mwangaluka, baba." Mzee akaitikia vizuri kabisa, "Mwangaluka, ng'wanone," yaani mwanangu, akamuuliza habari za nyumbani, akamwombea na uzao mwema. Akaletewa maji ya kunawa, akaletewa na nyama ya mwanzo. Kumbe yule alikuwa kibarua aliyeswaga ng'ombe kutoka Mwanhuzi, na kiti alikikalia kwa sababu miguu ilimuuma. Baba mkwe mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni anacheka. Hadi anaumwa Felisita alikuwa akisema kwamba baraka zake za ndoa alizipata kwa mswagaji, na kwamba zilifanya kazi.

Tarehe 3 Mei 2005 alizaliwa Joakim. Alikuwa mtoto mtulivu mno. Alichelewa kusema, lakini alipofika miaka miwili alikuwa na maneno mawili ya Kisukuma, "mayu" na "minzi", yaani alikuwa na mama na alikuwa na maji. Hakumtazama mtu usoni. Ndugu walimsifu kwa hilo. Bibi Elina alisema mtoto huyu amezaliwa na adabu ya wazee, hahitaji kufundishwa, na Felisita alifurahi kama mama yeyote angefurahi.

Mwezi Januari 2008 Fredrick alipata nafasi ya kusoma Uingereza, katika mji mmoja wa kaskazini, na familia ikaondoka pamoja. Fredrick alisoma, baadaye akapata kazi. Felisita aliajiriwa kwenye nyumba ya kulelea watu wazima wenye usonji. Hilo neno alilisikia kwa mara ya kwanza kule kazini. Akawaona watu wazima wanaotikisika mbele na nyuma, wanaoziba masikio mlango ukibamizwa, wanaopanga vitu kwa safu na kulia safu ikivurugwa. Ndugu walipomuuliza alijisikiaje, alisema alikaa kwenye ngazi akiwa na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa amemwona mwanawe.

Kuna jambo lingine aliliona kule, na alilisimulia kwa sauti ileile ya kawaida, kana kwamba anaeleza jinsi ya kupika. Mkaazi mzungu akipiga meza, wafanyakazi waliulizana nini kimemsumbua. Mkaazi mweusi akipiga meza, walisema ameanza vurugu, wakaitana watatu wanne wamshike. Meza ni ileile, na kelele ni zilezile. Alipouliza kikaoni kwa nini, aliambiwa kwamba anatakiwa apunguze hasira. Hakuwa amepandisha sauti. Mtu aliyemfahamu Felisita anajua kwamba hata kuku alimfukuza kwa kumwomba.

Mwaka 2009 alimpeleka Joakim kwa wataalamu wa watoto, na hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo alilibeba mpaka kitandani. Mtaalamu alimuuliza kama mtoto huwatazama watu machoni. Felisita, mtoto wa Elina, alisikia kama anaulizwa juu ya malezi yake, na mbele ya wageni. Akajibu kwa fahari: "Hapana. Huyu amelelewa. Hamkazii mtu mzima macho."

Yule mama mtaalamu akatabasamu. "Ndivyo watoto wa Kiafrika walivyo," akasema. "Ni mila yenu, si tatizo. Mwongeleshe zaidi nyumbani, na umwongeleshe Kiingereza tu. Hizo lugha zenu ndizo zinazomchanganya."

Felisita alijaribu kurudisha maneno yake. Alieleza kwamba mtoto haitiki akiitwa jina, kwamba anakula vyakula viwili tu, kwamba hatazami hata watoto wenzake. Aliambiwa kina mama wengi kutoka Afrika hawazoei kucheza na watoto wao, ajifunze kucheza naye. Wakatoka. Kwa muda mrefu alijilaumu kwa jibu lile. Fredrick alimwambia mara nyingi kwamba mtu aliyetaka kujua angeuliza swali la pili. Yeye alikubali kwa mdomo tu.

Basi nyumbani wakaacha Kisukuma, wakaacha na Kiswahili. Walimtii mtaalamu. Simu za Bibi Elina zilikuwa fupi, maana bibi hana Kiingereza na mtoto hakuruhusiwa kusikia kingine. Siku moja Felisita aligundua kwamba hajaitwa "mayu" kwa wiki kadhaa. Hakuitwa tena. Kiingereza hakikuja kuchukua nafasi.

Nyumba ya jirani alikuwepo mtoto mzungu, rika la Joakim, darasa moja naye, aliyeziba masikio kama yeye na kukimbia kama yeye. Yule hali yake ilipewa jina, usonji, akiwa na miaka mitatu, akapewa mwalimu wa kukaa naye na mtu wa kumfundisha kuomba kitu kwa picha. Mama yake alikuwa mtu mwema, alimwelekeza Felisita milango yote aliyopita. Felisita akaipita yote. Kwenye kila mlango alipewa sababu mpya: malezi, lugha, uhamiaji, msongo wa nyumbani. Joakim alipata jina la hali yake akiwa na miaka kumi.

Kabla ya hapo yalitokea makubwa. Joakim alirefuka upesi, ni urefu wa kina Shigela. Akiwa na miaka tisa alionekana wa kumi na tatu, na shuleni wakaanza kumwogopa. Kengele ya moto ilipolia, alimsukuma mwalimu ili apate njia ya kutoka. Mtoto wa jirani alifanya hivyohivyo siku ileile, akapelekwa chumba cha utulivu na blanketi. Joakim alihamishiwa kituo cha watoto hatari. Huko walimlaza kifudifudi sakafuni na kumkalia mpaka anyamaze. Alirudi nyumbani ananyanyua mkono mmoja tu. Felisita, kwa kuwa ni muuguzi, alipapasa bega akajua mfupa wa mtulinga umevunjika, tena haukuvunjika siku hiyo.

Alikwenda kituoni na picha ya hospitali. Mkuu wa zamu alikuwa kijana mpole, alimpa kiti. Akamwambia, "Hakulia, mama. Watoto wenu wana miili migumu, hatukujua kama ameumia."

Felisita alisema kwamba hakumbuki alivyofika nyumbani. Alichokumbuka ni kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu zaidi yake na Fredrick, mzungu au mweusi, ndugu au mgeni, aliyekaa na Joakim peke yake. Aliacha kazi ya mchana akachukua ya kupokezana na mumewe. Malalamiko aliyoandika yalijibiwa kwa barua ya kusikitika. Mwezi Agosti 2016 familia ikarudi Bariadi, wakiwa na Flora, binti yao aliyezaliwa kule mwaka 2011.

Hapa nyumbani nako, tuseme ukweli mbele ya marehemu, hatukuwapokea vizuri wote. Wapo waliosema wameleta mzungu mweusi asiyejua kusalimia. Wapo waliosema mtoto amerogwa, na wakataja na aliyeroga. Felisita aliwajibu, "Kama ni uchawi, basi ulikata tiketi ukapanda ndege na sisi." Wakwe Mwanhuzi walimshauri Fredrick atafute mke mwingine amzalie watoto wazima. Fredrick alinyamaza siku nyingi kuliko ilivyotakiwa, mwenyewe anakubali liandikwe, kisha akawajibu kwamba anao wawili na wote wazima. Bibi Elina ndiye aliyeumia kimyakimya. Alikuwa amengoja miaka minane kumsalimia mjukuu wake, na mjukuu hakuwa na neno hata moja analoweza kumrudishia. Bibi aliketi karibu naye akichambua choroko. Joakim akawa anasogea kidogo kila siku, mpaka mikono yote minne ikawa ndani ya ungo mmoja.

Felisita alirudi kazini, safari hii zahanati ya karibu na nyumbani, ambako Joakim aliweza kukaa nje dirishani anamwona. Mwaka 2019 walikuja wageni kutoka nje kupima watoto wenye shida ya kusema, wakahitaji mtu anayejua Kiingereza na Kisukuma. Akaitwa. Alikwenda na matumaini, tusifiche. Aliona angalau watoto wa hapa watapata mapema kile ambacho Joakim alikipata kwa kuchelewa.

Alikuwepo mama mmoja kutoka Zagayu, anaitwa Lucy, na mwanawe Yakobo wa miaka sita. Wapimaji walimwekea Yakobo mwanasesere wa kizungu na keki ya plastiki yenye mishumaa, wakamtaka amfanyie mwanasesere sherehe ya kuzaliwa. Yakobo akauchukua mshumaa, akapiga ishara ya msalaba. Felisita alicheka kwa furaha, akawaeleza kwamba mtoto amejibu: kwao mshumaa ni wa kanisani, ameigiza misa. Aliomba wampe ungo na vibuzi vya udongo waone atakavyocheza. Kiongozi wao alimwambia kazi yake ni kutafsiri. Halafu wakasemezana wenyewe kwa wenyewe, wakisahau kwamba anasikia, kwamba kwa Afrika lazima mtu ashushe matarajio, hawa wengi ni wa kutunzwa tu. Wakampa hayo maneno amfikishie Lucy kwa Kisukuma: mtoto hafundishiki, afungiwe ndani kwa usalama wake.

Na yeye akayafikisha. Kwa upole, akiongeza kwamba waje nyumbani kwake waongee vizuri. Lakini Lucy alikuwa amesikia maneno ya wataalamu, na msimu wa pamba ulikuwa umeanza. Akawa anamfunga Yakobo kwa kamba ya ndama kwenye nguzo anapokwenda shambani. Mwezi Juni 2020 kamba ililegea. Yakobo alikutwa kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe.

Felisita alikwenda kwenye msiba Zagayu kwa miguu kutoka barabara kuu, akapiga magoti mbele ya Lucy, ambaye ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo hakutafsiri tena kwa mpimaji yeyote, hata walipotuma gari. Badala yake kila Alhamisi alifungua banda la nyuma ya nyumba hii, na kina mama wakaja na watoto wao kutoka Sapiwi, Zagayu na huku mjini. Aliwaongelesha watoto Kisukuma. Aliwafundisha mama zao kuchora vitu vya hapa, kibuyu, uji, ng'ombe, choo, ili asiyesema aonyeshe. Mama aliyekuja na fimbo aliiacha getini. Lucy naye alikuja, mikono mitupu. Wengine walishangaa, huyu anafuata nini na mwanawe hayupo. Felisita alimpa kiti kama wengine.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Felisita aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto. Ni muuguzi, alijua maana yake. Violeth, mdogo wake, alimwambia waende Mwanza wiki hiyohiyo. Alikataa. Matibabu yangemweka Mwanza kwa miezi, na Joakim, aliyekuwa akikaribia miaka kumi na minane, angebaki na nani? Fredrick alikuwa akizunguka na chanjo za mifugo wilaya nzima. Kituo cha kulala kwa mtu kama Joakim hakipo karibu, na alichosikia juu ya vya mbali kilimkumbusha sakafu ile. Violeth alijitolea, Bibi Elina alijitolea, Lucy alijitolea mara nyingi. Kila mmoja alimjibu vizuri na kumshukuru, "Wabeja sana," na hakuondoka. Usiku na mchana aliuona mfupa ule. Watu wazuri, wapole, wenye vyeti, walimvunja mwanawe na wakampa yeye kiti. Baada ya hapo angemwaminije mtu kwa kuwa ni mwema tu?

Mwezi Oktoba 2024 alianguka banda la nyuma, siku ya Alhamisi, mbele ya watoto. Lucy ndiye aliyemwinua. Alimwambia maneno ambayo waliokuwepo wote wameyakumbuka. "Dada, mimi nilimfunga wangu kamba kwa sababu niliambiwa hafundishiki. Umenifundisha wewe. Wa kwako sitamfunga. Nenda."

Akaenda. Kwenye hospitali ya rufaa Mwanza daktari alimwambia wazi kwamba angefika mwaka uliopita, wangezungumza habari nyingine. Alitibiwa hata hivyo, akavumilia. Jioni Lucy alipiga simu ya picha. Joakim alikuwa amekula. Joakim alikuwa amelala. Wiki ya tatu Lucy aliigeuza simu ili Felisita aone uani: Joakim amekaa na Bibi Elina, wana ungo wao, wametulia kama siku zote. Violeth, aliyekuwa akimuuguza, alidhani dada yake atafurahi. Felisita alilia mpaka wauguzi wakaja. Alipoweza kusema alisema hivi: "Kumbe ningeweza kuja."

Hakulisema tena. Alirudishwa nyumbani mwezi Februari kwa ombi lake. Ndugu wa Mwanhuzi walitaka mazishi yafanyike kwao kama desturi ilivyo, yeye akaomba azikwe Somanda, ndani ya ua, kwa sababu Joakim haendi mahali asipopajua na angemtafuta. Wazee wa Shigela walikaa, wakakubali, na tunawashukuru. Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita. Mumewe, mama yake na watoto wake wote wawili walikuwa chumbani. Joakim alikuwa ameketi sakafuni ameegemea kitanda, akiutazama mkono wa mama yake, na aliendelea kuutazama.

Felisita ameacha mama yake mzazi, Bibi Elina. Mume, Fredrick Shigela. Watoto wawili, Joakim na Flora. Mdogo wake Violeth na ndugu wengine watatu. Wajomba, mashangazi, na watoto wa Alhamisi pamoja na mama zao, ambao wameomba wahesabiwe kama ndugu, na familia imekubali.

Waombolezaji mtakaotaka kumpa Joakim pole, tunaomba msimshike mkono na msimwite kwa sauti kubwa. Simameni karibu naye kidogo, inatosha. Wapo waliouliza tangu juzi mbona halii. Msipime uchungu wake kwa machozi. Tangu Jumatano hakubali chakula isipokuwa kikitoka kwa Lucy, na kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa.

Kikao cha familia kilichokaa jana hakikuwa na mabishano. Joakim hatapelekwa popote. Atabaki nyumba hii na baba yake na Flora, na Lucy amehamisha vitu vyake kutoka Zagayu, yuko chumba cha pili. Alhamisi ijayo banda litafunguliwa.

Felisita apumzike kwa amani. Mtoto ana mtu.